Wifi Alituonyesha Njia ya Kushoto

Kwa Mama, chumba cha nyuma
Jumanne, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo huko uliko? Shemeji na mapacha hawajambo? Na kile kikohozi chako, kimekuacha au bado mnaishi pamoja? Sisi huku tu wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, ikifika jioni anayasahau na kuanza kuhamisha makochi.

Mimi pia ni mzima, isipokuwa mfupa wa mtulinga, huu wa begani, umevunjika. Ukiona mwandiko umelala, ujue nakuandikia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa kitambaa shingoni. Glavu ulizonitumia zimeniokoa kiganja, ahsante sana. Bega ndilo hukulitumia kitu.

Ni yale mashindano yetu ya baiskeli za milimani, ya wanawake peke yetu. Unakumbuka kwa nini tuliyaanzisha: tulichoka kushindana na wanaume wanaokuja nyuma yako kwenye njia nyembamba wakifoka "Pisha, mama!" huku wanakusukumia vichakani. Tukajitengea siku yetu, na sharti letu moja. Siku ya kuamkia mbio tunaziacha baiskeli karakana, tunaitembea njia nzima kwa miguu, na anayejua pa kupita kwenye sehemu mbaya anawaonyesha wenzake. Kikombe tukigombee, lakini mtu asivunjike kwa sababu mwenzake alinyamaza.

Tulipofika pale tunapopaita Ngazi, kwenye mteremko wa mawe makubwa, tulimwachia wifi yetu atuongoze, maana yeye hupita hapo kila siku akienda kazini kwenye kitalu cha miche. Ndiye huyo mke wa Kaka tunayemwita Breki. Nilipomfundisha kuendesha, hata uani kwa Mama alikuwa anazikamata breki zote mbili hadi zinalia. Nilikimbia nyuma yake msimu mzima nikiwa nimemshikia tandiko, Kaka akituchekea tu kibarazani.

Breki akaupa mgongo upande wa kulia, uliokuwa umezibwa na matawi, akasema, "Hapa ni kushoto tu, jamani. Kulia kumebomoka." Hakuna aliyekwenda kuchungulia. Uchungulie nini, na mwenzako ameshasema?

Huko kushoto, Dada, kuna jiwe linalopitiwa na maji, linateleza kama sabuni. Siku ya mbio nilikuwa mbele, yeye nyuma yangu. Tairi la mbele likaondoka, nami nikaondoka nalo. Nikiwa pale chini, mdomo umejaa udongo, nikamwona anapita kulia. Matawi yalikuwa yameshaondolewa na njia ilikuwa imara, safi kabisa. Aliniona, tukatazamana. Hakugusa breki hata moja.

Aliyesimama ni muuguzi wa zahanati, ambaye naye alikuwa anakuja vizuri tu. Aliitupa baiskeli yake majanini, akanifunga mkono kwa skafu yake, akakaa nami hadi nilipobebwa. Alimaliza wa mwisho.

Breki ndiye aliyeshinda. Jioni alikuja na machungwa kunipa pole, nikamuuliza habari za yale matawi. Akanijibu, "Wifi, mashindano ni mashindano. Kwani wanaume huonyeshana njia?" Tuliondoka kwa wanaume ili tusitendeane hivyo, naye ananitolea mfano wao.

Amenisaliti, Dada, sina neno jingine la kulipamba. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea. Kaka amekiweka kikombe juu ya kabati la sebuleni, na kila nikienda kula kwao kinanitazama. Siku hizi siendi. Mama anasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ndwele yangu mimi iko begani, na usiku inaniamsha.

Jana nilikwenda Ngazi kwa miguu, peke yangu. Nilitaka kuiona hiyo njia ya kulia kwa macho yangu. Nilipokuwa nazungukazunguka nikagundua nyingine, iko juu zaidi, inapita nyuma ya mwamba na kushuka hadi chini bila jiwe la kukusumbua. Ni nzuri kuliko ya Breki. Nilifurahi mno, nikaanza kupanga nitakavyowaonyesha wenzangu mwakani, muuguzi akiwa wa kwanza. Kisha nikakumbuka ni nani mwingine atakayekuwa amesimama kati yao. Nikaokota matawi kwa mkono huu huu wa kushoto, nikaiziba.

Tangu jana sijatulia. Bega, daktari anasema litaunga. Hili lingine ndilo silijui. Nishauri, Dada: nikayaondoe yale matawi, au niyaache? Sitayagusa mpaka unijibu, lakini usichelewe, maana naona yananipendeza.

Msalimie sana shemeji, na mapacha uwabusu. Mama anakusalimu, Kaka pia. Breki naye ameniomba nikufikishie salamu zake, nami nimezifikisha. Mungu akulinde huko ugenini, akuweke kati ya watu watakaokuonyesha pa kupita.

Wako akupendaye,
Kitindamimba wenu