Mkono Aliosemea Dada Yako

Shemeji yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wanao wote. Naomba barua hii ikukute umeanza kuukanyaga ule mguu, na uvimbe umeshuka kama daktari alivyoahidi. Usijilaumu kwa kutokuja kuzika. Mguu wa namna hiyo hausafirishwi. Sisi huku ni wazima. Tunaamka, tunakula, tunafagia. Binti yangu alikaa nami wiki mbili, kisha akarudi kazini kwake. Nimebaki na nyumba.

Barua yako ilifika Jumanne ya wiki iliyopita. Hukuandika tarehe, lakini nimeisoma mara nyingi. Unauliza jambo moja tu: dada yako alisema nini mwisho, maana mimi ndiye niliyekuwa kando ya kitanda. Ni swali la haki. Nimechelewa kulijibu kwa siku tisa, na si kwa kukosa karatasi. Nitakujibu kwa utaratibu, kwa kuwa sijui kueleza jambo bila utaratibu.

Unakumbuka kwamba mimi nilipata uziwi nikiwa na miaka kumi na mmoja, baada ya homa, na Kiswahili kilikuwa kimekwisha kukaa kichwani. Shuleni kwa viziwi nilifundisha miaka thelathini na miwili kwa alama za kufuata maneno: kila neno na alama yake, kwa mpangilio ule ule wa sentensi iliyoandikwa, viambishi tukivitaja kwa vidole, na nukta mwishoni. Dada yako alizaliwa kiziwi. Alisema kwa lugha ile mliyokuwa mkiongea ninyi wawili tangu utoto, ambayo viziwi wengi huizungumza wakikutana. Uso, mabega na mikono husema kwa pamoja, na habari nzima huisha kabla mimi sijamaliza kiambishi cha kwanza. Mimi niliiita ishara za mtaani. Wanafunzi walioitumia darasani niliwaamuru waikalie mikono yao.

Dada yako sikuweza kumwamuru hivyo. Lakini aliponisemesha kwa namna yake mezani, niligeuza uso nikatazama dirisha mpaka aanze upya kwa mpangilio. Wewe unasikia, labda hujui uzito wake. Kwetu sisi, kumgeuzia mtu uso wakati mikono yake iko hewani ni kumziba mdomo. Alianza upya. Kwa miaka thelathini na mmoja alianza upya, au aliishusha mikono akaenda kuzungumza kazini.

Kazini kwake unakujua: chumba kile cha kushonea sare za shule, wanawake sita, wote viziwi. Mkubwa wao wanamwita Pindo, kwa sababu haachi nguo itoke mkononi mwake kabla hajaipinda mara mbili. Pindo alikuwa mwanafunzi wangu. Aliikalia mikono yake mara nyingi kuliko wenzake.

Dada yako alilazwa Jumatatu, kifua kimejaa maji. Wadi ilikuwa na vitanda sita. Saa ya kutazama wagonjwa, Pindo na wenzake walikuja wote watano, wakamzunguka. Pindo alimwambia kwamba anajua huu si ugonjwa, ni ujanja wa kuzikimbia sketi mia na ishirini za marinda. Dada yako akamjibu kwamba aende zake, marinda ya Pindo yamepinda hata kitanda hiki cha serikali kimenyooka kuliko hayo. Mwingine akaiga jinsi Pindo anavyoikemea cherehani. Wakacheka kwa sauti, sauti ambayo sisi wenyewe hatuisikii. Wadi nzima ikageuka. Katika kitanda cha mkabala alilazwa mkaguzi wa shule wa zamani, ambaye aliwahi kulisifu darasa langu kwa maandishi. Aliwatazama wale wanawake, kisha akanitazama mimi.

Jioni ile dada yako alitundikiwa dripu katika mkono wa kulia, na mkono ukafungwa kwenye kibao usikunjwe. Ulibaki hivyo mpaka mwisho. Alifariki Ijumaa, saa nne asubuhi. Muuguzi alikuwa akifungua dirisha.

Makaburini nilitoa maneno ya kumuaga kwa alama zangu, bila kuruka kiambishi. Niliwaona wale watano wamesimama mbele. Neno moja waliliambulia, matatu yakawapita. Hata hivyo hakuna aliyegeuza uso. Walinitazama mpaka nukta ya mwisho.

Siku ya tatu ya msiba Pindo alivuta kiti akaketi mbele yangu. Akaanza kunipa pole kwa alama zangu mimi, polepole, viambishi akivitaja kwa vidole kama mtu anayechambua mchele, na nukta mwishoni. Sikumwomba afanye hivyo. Nyuma yake wenzake walikuwa wakimtania kwamba leo kavaa sare ya shule, asubiri kengele ya Nukta. Hapo ndipo nilipojua kwamba miaka yote hiyo mimi naitwa Nukta: kidole kikigota kiganjani. Dada yako naye aliniita hivyo. Pindo aliona nimeona, akaniomba radhi. Nilimwambia jina ni sahihi.

Kisha akanipa maneno ya dada yako, aliyoyasema kwa mkono wa kushoto. Ni yako, kwa hiyo nayaandika kama nilivyopewa. Mkasi mkubwa ni wako, na usimwazime mtu akakatie karatasi. Mguu uupumzishe, kwa kuwa yeye hatakuja tena kukufulia. Na usijifanye mgonjwa zaidi yake, maana tangu utoto hukupenda kushindwa.

Pindo alisema yapo mengine, lakini yakipangwa kwa mpangilio wangu yanakufa. Nikamwomba ayaseme kama dada yako alivyoyasema. Aliyasema. Ilikuwa kitambo kifupi sana. Nilitazama mpaka mwisho, na nilielewa yote. Shemeji, siku zote nilikuwa naelewa.

Sasa nije kwenye jambo lililonichelewesha.

Muuguzi wa Jumatatu hakujua alama hata moja. Aliandika kwenye kipande cha karatasi akiuliza mgonjwa hutumia mkono gani zaidi, ili dripu aiweke mkono wa pili. Kila kiziwi anajua jibu la swali hilo, maana mkono ukifungwa, mtu amefungwa. Dada yako alifanya kila kitu kwa mkono wa kulia, unajua. Mimi niliandika: Kushoto. Nilijiambia kwamba nataka apumzike. Ukweli ni kwamba sikutaka mkaguzi aione tena mikono ile ikizungumza. Nilidhani itakuwa siku moja. Jumanne na Jumatano alinisemesha kwa mkono wa kushoto, nami nikatazama dirisha, nikingoja aanze upya. Alhamisi hakunisemesha. Kwa hiyo, kwa swali lako, jibu langu ni hili: sijui aliniambia nini mwisho, kwa sababu sikuwa nikimtazama.

Kile kipande cha karatasi muuguzi alikiacha juu ya shuka, upande wa dada yako. Yeye alisoma oda za wateja kila siku. Maneno machache vile hayakuwa kazi kwake. Nilijipa moyo kwamba hakuyaona.

Lakini Pindo alipokuwa akiaga, alinieleza kwa kupitia tu, kama jambo ambalo ninalijua, kwamba waliudhika sana kuuona mkono ule umefungwa. Jumanne walitaka kwenda kwa muuguzi kudai uhamishwe. Dada yako akawazuia. Aliwaambia kwamba ni amri ya daktari, mshipa wake wa kushoto haufai. Shemeji, hakuna daktari aliyeamuru kitu. Hakuna mtu aliyemweleza habari ya mshipa. Aliitunga yeye mwenyewe, kwa mkono mmoja, ili wasije wakaniuliza mimi.

Pindo alikuwa ananitazama, akisubiri niitikie. Niliitikia.

Jumatatu nitakwenda kwenye chumba cha kushonea nikawaambie. Nitawaambia kwa lugha yao, ingawa mikono yangu ni mizito na nitakosea kama mtoto wa darasa la kwanza. Wakinigeuzia uso, ni haki yao. Wewe nimekuambia kabla yao kwa kuwa alikuwa dada yako, na kwa kuwa uliuliza.

Mkasi nimeufunga katika kitambaa kizito. Binti yangu atakuletea mwisho wa mwezi. Nisalimie wanao, na yule mdogo mwambie nimepokea picha yake. Usihangaike kunijibu kabla mguu haujapona. Na ukiamua kutonijibu, nenda ukaonane na Pindo hata hivyo. Maneno ya dada yako anayo yeye, kamili.

Ni mimi shemeji yako,
Mwalimu