Beberu Aliyeitwa Hamad

Jumapili, 1 Desemba

Nimemlisha Hamad majani ya mfenesi kabla ya kwenda kanisani. Kala yote, kapiga chafya, kisha kanitia pembe ya paja. Shukrani zake hizo.

Hamad ni beberu wangu. Jina nimelichukua kwa jirani yangu Mzee Hamad. Sababu ni ndevu. Tena wote wawili wakitembea hutanguliza tumbo. Jirani hajui. Anayejua ni mke wangu Tekla tu, na Tekla haoni cha kuchekesha.

Kanisani Wete leo tulikuwa wachache, mabenchi mengi. Mchungaji wetu kijana, katoka bara, ana moto. Kahubiri furaha mpaka jasho likamtoka. Kisha kasema kila mtu asimame, ataje lengo moja litakalompa furaha kabla ya mwaka kwisha. Bibi mmoja kasema ataacha kusengenya. Watu wakakohoa. Nikasimama mie. Nikasema Krismasi hii nitalisha mtaa mzima. Pilau ya mbuzi.

Mchungaji kapiga makofi. Tekla kaangalia sakafu.

Nani kanituma?


Jumatatu, 2 Desemba

Lakini sikutania. Naandika hapa kwa sababu nikisema mdomoni watu watadhani natania.

Pemba nimeingia mgongoni kwa mama. Baba alikuja kuchuma karafuu, hakurudi bara tena. Skuli nilifika darasa la nne, nikaona yatosha. Hapa nje ya Konde nimekulia, nimeolea, nimezeekea. Idi zote sahani zimeingia kwangu. Biriani, mikate ya kumimina, visheti, mpaka Tekla anakosa pa kuweka. Sisi Krismasi kuku mmoja. Anachinja jirani Hamad, maana nikichinja mie majirani hawawezi kula. Hilo halina ugomvi, ndivyo tunavyoishi. Ila kuku mmoja ukimgawa kwa mtaa mzima kila mtu anapata harufu.

Kila Idi najiona mdogo. Basi.

Nimekwenda kwa Hamad, nimemwambia mkesha wa Krismasi nakihitaji kisu chako. Kasema, "Kisu kipo yakhe. Mbuzi yupo?" Nikamwambia yupo, tena ana ndevu nzuri. Nimerudi nikicheka njia nzima.


Alhamisi, 5 Desemba

Balaa.

Beberu kakata kamba, kaingia kwenye muhogo wa Hamad nyuma ya nyumba. Nikamfuata na fimbo. Muhogo mrefu, sioni kitu, nasikia anatafuna tu. Nikapiga kelele: "Hamad! Toka humo, mwizi we! Mzee mzima na ndevu zako, huoni haya kula vya watu?"

Nikapenya kati ya mashina.

Upande wa pili wa muhogo kuna mkeka. Juu ya mkeka kakaa Hamad mwenyewe na kikombe cha kahawa. Kulia kwake Mzee Faki wa Kengeja na ndugu zake wawili. Wamekuja kumposea kijana wao mjukuu wa Hamad. Wamevaa kanzu za kupigwa pasi.

Ningenyamaza hapo ningeweza kusema nimepigwa na jua. Lakini beberu kajitokeza, jani la muhogo mdomoni, na mie mjinga nikasema, "Haya njoo Hamad, njoo baba."

Mzee Faki kahawa ikamtoka puani. Hamad hakucheka.


Ijumaa, 6 Desemba

Hamad kapita kwenda msikitini. Hakunisalimu. Nimemsalimu mie, kaangalia mnazi.

Yatapita. Hamad hawezi kuninunia, hana mtu mwingine wa kumfunga kwenye mchezo wa dhumna.


Jumapili, 8 Desemba

Kanisani sikwenda. Nimemwambia Tekla goti. Goti halina kosa.

Jioni mke wa Hamad, Bi Asha, kanijia ukingoni mwa ua. Kasema, "Mzee Petro, Mzee kanituma nikwambie kile kisu kimepotea." Nyuma yake namwona Hamad barazani anamenyea chungwa kisu hicho hicho. Tena kakinyanyua juu kidogo, nikione.


Jumanne, 10 Desemba

Nimekwenda sokoni Konde kumtafuta mchinjaji mwingine. Nimefika tu, muuza samaki kaniuliza, "Hamad hajambo? Kashamaliza muhogo?" Soko zima likalipuka. Kwa hiyo habari imefika kabla yangu.

Mwenye bucha kanisikiliza vizuri, kafuta mikono, kasema, "Mzee wangu, mie nimechinja ng'ombe, nimechinja mbuzi. Hamad sijapata kumchinja. Na Mzee Hamad ni mjomba wangu. Akisikia nimempitishia kisu jina lake, n'taweka wapi uso?"

Nimewauliza watatu. Jibu moja. Wa mwisho alikuwa anacheka mpaka kashika nguzo, lakini jibu lilikuwa lile lile.

Sina mchinjaji. Bila mchinjaji Muislamu majirani hawali. Wasipokula, lengo langu limekwenda na maji. Sikuona mbali. Nilidhani mbuzi ndiye mgumu kupatikana.


Alhamisi, 12 Desemba

Nimejaribu kuomba radhi. Nimemngoja Hamad nje ya msikiti baada ya alasiri. Kofia nimevua, nimeishika mbele, kama mshitakiwa. Maneno nimeyapanga tangu asubuhi. Katoka. Nikaanza, "Mzee Hamad, mie ndugu yako nimekukosea..."

Nyuma yangu: meee.

Beberu kanifuata. Kamba inaburuta. Katusogelea, kasimama katikati yetu, kamtazama Hamad, Hamad kamtazama. Ndevu kwa ndevu. Wallahi nimejitahidi. Nimeuma mdomo. Nimefikiria mazishi. Kicheko kikanitoka puani, kisha kila mahali, na waumini wote nyuma yake wakafuata.

Hamad kavaa viatu vyake kaondoka. Kimoja kakivaa mguu usio wake, hakusimama kukibadilisha.

Hapo kicheko kikanikauka.


Jumamosi, 14 Desemba

Mchungaji kaja nyumbani. Kasikia huko Wete. Ana suluhisho, wachungaji vijana wana masuluhisho mengi. Kasema, "Baba, mchinje mwenyewe, mlete kanisani tule sisi kwa sisi. Furaha ni ile ile."

Nimekasirika. Nimemwambia furaha si ile ile. Kanisani sijapata kula Idi ya mtu. Deni la sahani liko huku.

Kafumba macho. Kisha kasali, sala ndefu. Tulipofumbua macho beberu alikuwa ameshatafuna mkanda wa mkoba wake. Mchungaji kasema kumbe huyu ndiye Hamad. Nikasema ndiye. Kacheka na yeye. Nimempenda kidogo.

Alipoondoka Tekla kasema jambo. Kasema, "Wewe unaomba radhi na huku unacheka. Mtu hawezi kusikia viwili. Anasikia kicheko." Kisha kaenda kupepeta mchele.

Imenichoma.


Jumatatu, 16 Desemba

Nimesali asubuhi. Kwa kifupi. Bwana, nifunge mdomo. Kisha nikaongeza: kwa leo tu.

Nimemfunga beberu kamba mbili. Nimekwenda kwa Hamad. Bi Asha kasema Mzee kalala. Mzee akakohoa ndani. Bi Asha kaona haya, kanifungulia mlango.

Nimekaa chini. Sikusema kitu cha kuchekesha. Nilikuwa navyo viwili, vimenijia ncha ya ulimi, nimevimeza. Nimesema nimekosa, nisamehe. Basi.

Hamad kavua kofia, kaikung'uta. Kisha kasema, "Petro, jina silo lililoniuma. Mie na weye tushaitana mabaya zaidi ya mbuzi." Kasema wale wageni wa Kengeja siku ile walishakubaliana, waliahidi kurudi Jumapili kupanga mahari na siku ya harusi. Jumapili imepita. Nyingine imepita. Hawakuja, hawakupiga simu. "Nani ataoa nyumba ambayo babu anafukuzwa muhogoni kwa fimbo?" Na mjukuu hali chakula.

Kumbe hivyo. Nimetoka miguu mizito. Nilidhani nimemvunjia Hamad heshima. Nimemvunjia mtoto harusi.


Jumatano, 18 Desemba

Kengeja.

Kutoka Konde mpaka Chake gari la kwanza, kutoka Chake mpaka Kengeja la pili. Kisiwa kizima, juu mpaka chini, kwa ajili ya mbuzi. Karafuu zimeanikwa kando ya njia, mvua ya vuli inatishia, watu wanakimbia kuzianua. Mie ndani ya gari najifunza kusema bila mzaha. Mgongo umekufa.

Mzee Faki nimemkuta anapanda migomba. Kaniona, kadondosha jembe. Nikaanza maneno yangu. Kanikatiza: "Hebu ngoja. Mzee Hamad kakutuma unitukane?"

Nikasema vipi?

Kasema tangu siku ile hana raha. Kamwagia kahawa mkeka wa mtu, kamcheka mwenye nyumba mbele ya nduguze, siku ya posa. "N'tarudi na uso gani? Kila Jumapili navaa kanzu, naivua. Mke wangu kanambia nimemponza mtoto."

Nimemtazama. Yule kule kanuna kwa kuwa kachekwa. Huyu huku kajificha kwa kuwa kacheka. Na vijana wawili wamekwama katikati. Nimekaa chini kwenye shimo la mgomba nikacheka. Mzee Faki kacheka. Safari hii kicheko hakikumuumiza mtu.

Nimempa simu yangu, nambari ya Hamad nimempigia mie, maana macho yake hayaoni tarakimu. Kisha nimesogea mbali nisisikie. Nimesikia yote. "Nisamehe mkwe." "Nisamehe weye." "Hata, weye nisamehe mie." Salio langu limekwisha wanaombana msamaha.

Njiani kurudi nilikuwa na furaha mpaka naona aibu. Sikupiga goti, sikuimba. Nimekaa kwenye gari nanuka matope ya shimo la mgomba. Mchungaji angesema kitu hapa. Mie sijui la kusema. Asante tu.


Jumamosi, 21 Desemba

Hamad hajaja. Simu kaipokea, ya harusi kayakubali, Bi Asha kasema mjukuu anakula tena. Lakini kwangu hajaja. Kisu hakijatajwa. Sitakwenda kukiomba. Radhi uliyokwisha kuiomba huwezi kurudi kuidai malipo.

Tekla kashaazima masufuria ya mtaa. Nimemwambia angengoja. Kasema masufuria hayangoji.


Jumapili, 22 Desemba

Nimembadilisha beberu jina. Sasa anaitwa Petro.


Jumatatu, 23 Desemba

Haitiki. Nimeita "Petro! Petro!" asubuhi nzima huku nazunguka ua. Tekla kachungulia jikoni, kauliza kama nimeanza kujitafuta mwenyewe.


Jumanne, 24 Desemba

Baada ya alasiri Hamad kaingia uani. Kisu kakifunga gazeti kwapani. Hakusalimu. Kamzunguka beberu.

"Huyu anaitwa nani?"

"Petro."

"Toka lini?"

"Toka juzi."

"Kabatizwa?"

"Kabatizwa."

"Basi mlaze," kasema, na ndevu zikamtikisika.

Kisu kakinoa muda mrefu kuliko haja, huku ananitazama shingo. Kisha kaacha mzaha, kaelekea kibla, kasoma bismillahi. Nimeshika miguu. Nimegeuza uso. Nilimpenda yule beberu. Tekla kaniona macho, nikamwambia ni moshi. Moto ulikuwa haujawashwa.


Jumatano, 25 Desemba

Kanisani asubuhi nimeimba kwa sauti, watu wa mbele wamegeuka. Waache.

Mtaa mzima umekuja. Wanaume barazani, wanawake uani, Tekla na Bi Asha wamegawana masufuria kama majemadari. Mzee Faki kaja kutoka Kengeja na watu wake, kakataa kahawa, kasema leo maji tu. Mahari wameipanga hapa hapa kwangu, kati ya sahani na sahani.

Na Hamad. Siku yote kazi yake moja. "Huyu Petro mgumu! Yumo motoni tangu alfajiri na hajalainika." "Petro mafuta mengi, akili sioni." "Niongezeeni ubavu wa Petro, ule wa kushoto, alikuwa akilalia huo kwa uvivu." Watu wamelia kwa kucheka. Mie nimelia zaidi yao. Kila alichonirushia nilikistahili na kilikuwa kitamu.

Mchungaji kanisukuma nisimame niseme neno. Nimesimama. Nikawatazama wote, midomo inatafuna, wali ndevuni. Nimekaa. Wamesema ndiyo mara ya kwanza kuniona nimekosa la kusema.


Ijumaa, 27 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Sahani zetu, zile zilizotoka juzi na pilau, zinarudi moja moja. Hakuna iliyorudi tupu. Moja na mayai, moja na ndizi, moja na kipande cha papa mkavu. Tekla anazipokea mlangoni, anaziosha, anazipanga.

Baada ya sala ya Ijumaa Hamad kaja, mwavuli mkononi. Kakaa barazani upande wake. Nimekaa upande wangu. Dhumna hatukutoa. Tumetazama maji yanavyoshuka kwenye mapaa. Mara moja kasema muhogo umeipenda mvua hii. Nikasema umeipenda.

Kaondoka karibu na magharibi. Sahani yetu kaisahau kwake. Sikumkumbusha; na yeye awe na deni kwangu.