Mbuzi Aliyeingia Kwenye CV ya Dada

Biharamulo Mjini,
Jumatano.

Dada yangu Editha,

Shikamoo. Tafadhali itikia marahaba sasa hivi, kabla hujasoma mbele, maana ukifika katikati utaninyima.

Hujambo wewe? Magoti ya mama yanasemaje na baridi ya huko Mabawe? Na wale wanao wa darasa la kwanza, bado wanakushika sketi ukitaka kurudi nyumbani? Mimi ni mzima kabisa. Nimenenepa, na hapa steshenari mimi ndiye mashine yenyewe, kompyuta ni msaidizi wangu. Bosi wangu Bi Zuwena anasema nachapa kama kuku anayedonoa mtama, lakini hakuna ofisi mji huu ambayo haijapokea karatasi iliyopita kwenye vidole hivi. Kwa mtu wa kidato cha pili, si haba.

Ningekupigia simu, ila nakujua, ungenikatia kwenye sentensi ya pili. Barua unaweza kuichana, lakini utaisoma kwanza.

Ni hivi. Ulinitumia karatasi zako nikuandikie CV ya kuomba kazi kwenye ile shule binafsi ya hapa, ukaniambia, "Deusi, weka kama za wenzangu, usiongeze neno lako hata moja." Ukasema pia kwamba hii ndiyo ya mwisho, ukikosa unafungia cheti cha ualimu sandukuni na kubaki na migomba ya mama. Hilo la sanduku ndilo lililonitia ukaidi.

Wewe hujui CV za wenzako zinavyotengenezwa. Mimi najua, maana nazitengeneza mimi. Kwenye kompyuta yetu kuna CV ya mwalimu mmoja wa siku nyingi, na kila mwalimu akija anasema, "Niwekee kama hiyo, badilisha jina tu." Basi walimu wote wa Biharamulo wanapenda kusoma, kusafiri na kubadilishana mawazo, hata wale ambao hawajawahi kuvuka Rusahunga. Wote wanaweza kufanya kazi bila kusimamiwa, na hapo mimi nimewasimamia saa nzima wakumbuke mwaka waliomaliza chuo.

Nikasema dada yangu hasimami kwenye foleni hiyo. Nikafuta kusafiri, nikaandika kweli tupu: kwamba unajitolea shuleni kule Mugoma, watoto wanaingia na Kihangaza peke yake, na mwaka ukiisha wanasemeana vibaya kwa Kiswahili safi. Halafu nikaweka mbuzi.

Ndiyo, yule mbuzi. Yule aliyeingia darasani ukifundisha kuhesabu kwa maharage, akala yale ya dawati la mbele, watoto wakapiga kelele, na wewe badala ya kutafuta fimbo ukauliza, "Yalikuwa ishirini. Hesabuni yaliyobaki. Mbuzi amekula mangapi?" Nimeyaandika yote hayo, chini ya Uzoefu wa Kazi, nikaipeleka shuleni bila kukuonyesha.

Usiichane. Endelea.

Jana mwalimu mkuu wa shule hiyo aliingia dukani mwenyewe, uso umefungwa, rundo la CV mkononi. Akalitua kaunta. "Nani anaandika hizi?"

Bi Zuwena hakusita hata kidogo. "Huyu hapa! Mimi nauza madaftari tu."

"Kijana, walimu hawa wote wana mdhamini mmoja. Nimempigia simu. Ni fundi baiskeli wa Nyakisasa. Anasema hamjui hata mmoja wao, na nikimpigia tena atakuja kunishtaki."

Kumbe nilikuwa nabadilisha jina la juu, chini sigusi! Na ile namba ya mdhamini ilishahamia kwa mtu mwingine zamani.

Kisha akachomoa karatasi moja. "Na huyu wa mbuzi ni nani?"

Bi Zuwena akaninong'oneza, "Umemponza ndugu yako, mwanangu."

"Shikamoo mwalimu," nikasema, salamu imechelewa lakini imefika. "Ni dada yangu."

"Ni kweli haya, au umetunga?"

"Ningetunga, ningeweka ng'ombe."

"Alikula mangapi?"

"Kumi na matatu. Kuna mtoto alisema kumi na manne, akarudishwa kuhesabu upya."

Bi Zuwena akacheka, akasema ajabu ni kwamba mimi niliishia kidato cha pili. Mwalimu mkuu hakucheka, akavuta kiti. "Kama anafundisha hivi, mbona wewe uliishia kidato cha pili?"

Nilikuwa na majibu matatu ya utani tayari mdomoni. Likatoka lile ambalo sikulipanga. "Mwaka ule yeye alikuwa chuoni, mwalimu. Nyumbani hakukuwa na wa kuniuliza mbuzi amekula mangapi."

Mwalimu mkuu akaikunja CV yako akaitia mfukoni. Zile nyingine aliziacha kaunta. Anasema ufike Jumatatu asubuhi, utafundisha darasa la tatu, yeye na walimu wake watakaa nyuma wakikuangalia. Kazi hajakupa, usianze kuaga watu. Amekupa kipindi kimoja. "Na asije na mbuzi," akaongeza.

Kwa hiyo Jumapili panda basi. Utalala kwa Bi Zuwena, amekubali, ila ametaja ndizi mara mbili, nadhani umeelewa. Vaa lile gauni la kijani, lile la harusi ya binamu linakubana unapandisha mabega. Njoo na vyeti halisi. Na kama kuna kibao umeniwekea, nizabe Jumatatu jioni, siyo kabla, mkono huo utauhitaji ubaoni.

Nisalimie mama, mwambie nakula. Nisalimie shangazi wa sokoni na mdomo wake. Babu aliyesema mjini nitaishia kubeba mizigo, mwambie nabeba, ila ya karatasi. Na watoto wako wa darasa la kwanza wape pole, maana nawanyang'anya mwalimu.

Usinijibu kwa barua. Nijibu kwa kushuka kwenye basi.

Ni mimi mdogo wako, mzuri kuliko wote uliopewa,
Deusi