Sakafu ya Mbao na Samaki wa Barasa

Baba mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa miezi minne bila kukuandikia. Mtoto anaota meno, na nikishika kalamu naye anaishika. Mgongo wako unaendeleaje? Bado unapanda paa za watu na msumeno? Sisi hapa Kinoo tu wazima, ila sakafu ndiyo sijui.

Unajua tunakaa chumba cha juu, cha mbao, na chini yetu analala mwenye nyumba, Mama Njoki. Sasa mume wangu Barasa, kule Parklands anakotunza bustani, tajiri wake alihama akampa tangi la kioo la kufugia samaki, na samaki wenyewe sita. Refu kama jeneza, Baba. Wanaume wanne walilipandisha ngazi likiwa tupu, wakashuka wameshika viuno.

Nikamuuliza, "Baba Eliya, hizi mbao zitabeba hilo tangi na maji yake?"

"Si Alhamisi kikundi cha maombi kilikuwa hapa? Watu kumi na wanane, na wakaruka. Sakafu ilianguka?"

"Hao waliomba wakaenda kwao. Maji yataenda wapi?"

Jumamosi akaanza kujaza. Ndoo ya tisa, mbao zikalia, kikombe kikateleza chenyewe mezani. Sauti ikatoka chini:

"Mama Eliya, ni nini hiyo inaangukia sufuria yangu ya githeri?"

Barasa akainama kwenye ufa wa sakafu. "Ni samaki tu, mama."

"Samaki juu ya kitanda yangu? Watoke, ama mtoke pamoja nao."

Nikayateka maji yote kwa jagi, mtoto mgongoni. Samaki sita sasa wanaishi kwenye beseni la kuogeshea mtoto, na mtoto anaogea kwenye sufuria. Barasa anasema mwisho wa mwezi atalijaza tangi tena, polepole, mbao zizoee. Mjukuu wako hulala hatua mbili kutoka hapo. Nimekataa, hanisikii. Lakini wewe ni mkwe wake, tena fundi. Mbele yako hata chai haimpiti kooni, sembuse kubishana. Sikupiga simu kwa sababu chumba ni kimoja na angesikia. Barua hii inaletwa na jirani anayesafiri Ijumaa.

Nisalimie Mama, na shangazi mfuga kuku, na kaka yangu aache kuoa kwa maneno tu. Mungu awatunze.

Binti yako,
Nafula

Naomba umpe jirani akirudi: unga wa wimbi kilo mbili, beseni moja kubwa, na barua kwa Barasa, mwandiko wako mwenyewe, useme, asijue nimekuambia, siku hizi umekuwa ukiwaza tu mambo ya sakafu za mbao.