Sindano Mbili za Garbatulla

Isiolo, 3 Machi 1979

Dada Kabale,

Salaam aleikum. Sisi wazima. Mguu wa Mama umepoa?

Hatimaye wamesikia. Miaka miwili nimeandikia ofisi ya mifugo, nimeandikia magazeti, mpaka karani akiona kivuli changu mlangoni anatafuta faili la kujificha nyuma yake. Alhamisi Mbuthia, daktari wa mifugo, atafika Garbatulla na chanjo za magonjwa ya kimeta na chambavu. Peleka ng'ombe wote wa Mama.

Nimempa dereva wa lori penisilini akuletee. Mumeo Yattani awachome nayo siku hiyo hiyo, wangali wamefungwa. Mimi siiamini serikali kwa sindano moja.

Kaka yako,
Molu

Garbatulla, 14 Aprili 1979

Kaka Molu,

Salaam aleikum. Watu wazima, mvua hakuna. Tulifanya yote uliyosema. Sasa ng'ombe tisa wamekufa kwa kimeta, damu nyeusi puani, haigandi. Nyama hatukugusa, tuliwateketeza. Mama hataki kula, anatazama zizi tu. Niambie, ile chanjo ilikuwa maji?

Dadako,
Kabale

Isiolo, 20 Aprili 1979

Dada Kabale,

Salaam, na pole, hasa kwa Mama. Ndiyo, ilikuwa maji. Nimeingia ofisini kwa Mbuthia nikamwambia mbele ya watu kwamba aliwaletea takataka iliyooza juani. Alijibu tu, "Mwalimu, nitaenda kuangalia." Wote husema hivyo. Gazeti limenipa nusu ukurasa. Wasomee majirani: mtu asipeleke ng'ombe tena.

Kaka yako,
Molu

Garbatulla, 18 Mei 1979

Kaka Molu,

Salaam aleikum. Mama sasa anakula kidogo.

Mbuthia alikuja kweli. Gazeti hakulitaja. Aliniuliza, "Siku ile mliwachoma ng'ombe kitu kingine?" Nikamwonyesha barua yako ya Machi. Aliisoma mara mbili.

Akanieleza. Chanjo ya chambavu ni vijidudu vilivyokwisha kuuawa, na penisilini haiwezi kuua maiti. Ile ya pepopunda niliyochomwa kliniki nikiwa na mimba ni sumu ya vijidudu iliyong'olewa meno. Ya kimeta ni vijidudu hai vilivyodhoofishwa, na lazima viishi kwanza mwilini ndipo ng'ombe apate kinga. Sisi tuliviua saa ile ile kwa penisilini. Ng'ombe sita walikosa penisilini kwa sababu chupa ziliisha. Wote sita wako hai.

Atarudi na chanjo Alhamisi ijayo. Jirani yetu Ardo na wenzake wa kisimani hawatapeleka hata ndama, wanasema Molu amekataza. Mimi nikiwaambia wananicheka. Kimeta bado kiko hapa, kaka. Watakusikia wewe tu. Andika.

Dadako,
Kabale

Isiolo, 21 Mei 1979

Dada Kabale,

Salaam kwako na kwa Mama, ingawa sijui nitamtazamaje. Soma maneno haya kisimani kwa sauti, Ardo akiwepo:

"Chanjo ilikuwa nzuri. Aliyeiharibu ni mimi, Molu. Alhamisi pelekeni ng'ombe wote, na kwa wiki mbili msiwachome dawa nyingine yoyote."

Kwa Mbuthia nimekwenda. Nilitaka anitukane, akanipa kiti. Gazeti lililonipa nusu ukurasa wa matusi linasema halina nafasi ya masahihisho.

Barua hii nimeiandika mara tano. Nne nimezichana, kila moja ilikuwa na "lakini" ndani yake.

Kaka yako,
Molu