Pengo la Agosti

11 Januari

Kaka yangu,

Shikamoo. Sisi huku wazima, kama uzima ni kupumua. Baba anakula vizuri, analala vibaya, na upande wake wa kulia bado umekufa ganzi vile vile ulivyouacha. Wewe je? Baridi ya huko imepungua, au bado unavaa soksi mbili mbili?

Sasa kaa chini. Nimepata chuo! Chuo cha ukunga, kile kile nilichokuwa naomba hadi karani wao akanijua kwa mwandiko. Barua yao inasema wazi kwamba mwaka ujao umri wangu hautaniruhusu tena, kwa hiyo ni sasa au basi.

Tatizo unalijua. Liko chumba cha pili na hivi ninavyoandika linaniita nikaligeuze. Chuo kinafunguliwa wiki ya kwanza ya Agosti, na asiyeripoti wiki hiyo nafasi yake anapewa mwingine. Shangazi amekubali kuja kukaa na baba moja kwa moja, lakini hawezi kabla ya Septemba, maana binti yake anajifungua na hana mwingine wa kumuuguza. Kwa hiyo nina shimo la mwezi mmoja, na katika ukoo wetu fundi wa kuziba mashimo ya kalenda ni wewe. Njoo Agosti ukae na baba. Sikuombi kitu kingine mwaka huu wala ujao.

Mzee anakusalimu. Anawaambia wageni kwamba wewe ndiye unayeamua dunia iende wapi kila Jumapili. Simkatalii.

Mdogo wako,
Kitinda

2 Februari

Kitinda mpenzi,

Marahaba, tena marahaba sana. Soksi bado mbili. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye korido, nikapiga ukelele hadi watu wa ofisi ya jirani wakachungulia kuona nani ameumia. Mkunga! Yaani wewe uliyekuwa unawafunga bandeji kuku.

Jibu ni ndiyo. Ngoja nikueleze, usije ukadhani nakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukutani kwetu kuna ubao mrefu wenye wikiendi zote za mwaka, na kila mbio za magari zina kadi yake. Kazi yangu ni kuzipanga kadi hizo. Huku kuna mvua, kule kuna uchaguzi, pale fainali ya mpira imechukua hoteli zote. Mwenye uwanja huyu hataki kumfuata yule kwa sababu waligombana. Magari na vipuri vinasafirishwa kwa ndege kutoka nchi hadi nchi, na makanika nao ni binadamu: mbio mbili mfululizo wanavumilia, ya tatu wanaanza kufunga nati huku wanasinzia. Ukigusa kadi moja, tano zinanung'unika. Lakini Agosti haina kadi. Mwezi mzima ni mapumziko, timu zinafunga karakana na watu wanarudi kwao. Pengo hilo nimelichora mwenyewe, na tangu nianze kazi hapa hakuna aliyethubutu kuligusa.

Kwa hiyo Agosti mimi ni wako. Nitafika kabla hujafunga begi. Mwambie baba aanze kuniandalia matusi.

Kaka yako

20 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Baba alishikwa na kifua mwezi uliopita lakini kimemwachia. Mimi mgongo unauma, nimeshauzoea kama mpangaji asiyehama.

Nimeshona sare mbili. Nazijaribu akiwa amelala, maana akiniona ananiita daktari na kutaka sindano. Nakuandikia mambo yake mapema, najua wewe bila mpango huwezi hata kuchemsha maji. Umgeuze mara kwa mara, hata akisema hataki, maana hasemi kweli. Uji umpe kwa kijiko kidogo, umkalishe kwanza, na usimharakishe, unapita njia ya hewa. Ukimnyoa, shavu la kushoto liwe la mwisho, huko anasikia na atakulaumu. Akilia usimuulize kwa nini. Shika mkono ule mbovu, siyo mzima. Sababu siijui, ila ananyamaza.

Ile kalenda uliyotutumia nimeibandika mbele ya kitanda chake, na kila Jumapili lazima nimwambie mko wapi. Jana aliniuliza, "Hayo magari yanazunguka wee, halafu yanaishia pale pale yalipoanzia?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Sasa si wangebaki tu." Akacheka mwenyewe mpaka nikamfuta mate.

Agosti ameizungushia wino kwa mkono wake wa kushoto. Mduara wenyewe kama yai lililokanyagwa, lakini nimemsifu.

Kitinda

9 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inawakuta salama, na kifua cha baba hakijarudi. Mimi mzima, ila usingizi haba.

Huenda mmesikia redioni. Mto ulifurika ukaingia kwenye uwanja mmoja wa mbio, tena wiki ile ile ya mbio zenyewe, ukabeba uzio na nusu ya jukwaa. Hakufa mtu, Mungu mkubwa. Sasa wenye uwanja wanataka tarehe nyingine mwaka huu huu, kwa sababu mji wao hauna kitu kingine cha kuwaletea wageni. Bosi wetu, yule tunayemwita Rula kwa kupenda mistari iliyonyooka, amenipa kazi ya kuitafuta. Nimejaribu Septemba, ndege za mizigo hazipatikani. Oktoba ni mvua tena. Nikiwaweka Novemba, makanika watakuwa na mbio nne mfululizo, na hapo ni kuua watu.

Usiwe na wasiwasi. Kwa sasa Agosti iko salama. Nimewaambia waziwazi kwamba haiguswi.

Kaka yako

1 Julai

Kaka,

Shikamoo. Tu wazima.

"Kwa sasa" ni ya nini? Mimi sikuuliza habari za sasa, niliuliza habari za Agosti. Nimefanya usaidizi wodini miaka mingi, na daktari akianza kusema "kwa sasa" sisi huwa tunaenda kuwaita ndugu wa mgonjwa.

Nijibu neno moja, unakuja au huji. Kama huji niambie mapema, nikampigie shangazi magoti, nizunguke kwa majirani, niombe hata kwa watu tusiosalimiana. Nikijua nitapata njia. Nisichoweza ni kukungoja halafu usije.

Baba anakusalimu. Anauliza kama bado unapenda chai ya rangi.

Kitinda

30 Julai

Kitinda,

Salamu kwanza, ingawa leo salamu zinanishinda. Barua yako niliipata mapema. Nimetembea nayo mfukoni wakati wote huu, nikingoja nipate neno zuri la kukujibu. Sikulipata.

Jana tulikaa kikao kutwa. Kila tarehe iligonga mwamba. Mwishowe Rula akasema kama hakuna mwenye nafasi, mbio zile zifutwe. Watu wote tulikuwa tunautazama ubao, na Agosti ilikuwa pale, nyeupe. Nilijua nikinyamaza mji ule unakosa riziki ya mwaka mzima. Nilijua pia kwamba wewe unakunja nguo. Nikasema Agosti. Nimesema mimi, hakunilazimisha mtu. Wakanipigia makofi, Kitinda, na mimi nikatabasamu kama mwendawazimu. Mizigo inaondoka sasa hivi na mimi naondoka nayo.

Lakini nisikilize, nimefikiria njia. Nenda chuoni uwaombe wakupokee Septemba. Waeleze hali ya baba. Katika kazi hii yote sijawahi kukutana na tarehe isiyosogea. Kila tarehe ina mwenyewe, na mwenyewe ukimkalisha mkazungumza, mnaelewana. Chuo hakiwezi kuanguka kwa kumngoja mtu mmoja.

Nisamehe, mdogo wangu.

Kaka yako

25 Agosti

Mdogo wangu,

Hamjambo? Baba yu hali gani?

Mbio zimeisha salama. Mvua haikunyesha, na watu walijaa hadi juu ya miti. Meya wa pale alinishika mkono asiuachie, analia. Nikawa nawaza mkono wa baba, kama umepata wa kuushika.

Nimerudi ofisini nikitegemea kukuta barua yako mezani. Hakuna. Chuo wamesemaje? Nilitaka nije sasa hivi, lakini kwa kuziba Agosti tumezibana mbio za Septemba, na hakuna mwingine anayejua kadi zilivyokaa. Niandikie. Hata kama ni kunitukana, niandikie.

Kaka yako

18 Oktoba

Kitinda mpenzi,

Hujambo? Kimya chako kimenikondesha, ila nakistahili.

Nina habari. Kalenda ya mwaka ujao tumeifunga juzi. Kabla ya kadi yoyote kupanda ubaoni, nilichora Agosti. Rula alipinga, nikamwambia naacha kazi, akanitazama akaona sitanii. Sasa ni kanuni na wote wametia saini: Agosti hakuna mbio, hata mafuriko yabebe nini. Kwa hiyo andaa sare zako. Hilo la umri tutalizungumza nao, nitakuja mwenyewe nikeshe mlangoni kwa mkuu wa chuo. Na baba nitamnyoa mimi mwezi mzima, shavu la kushoto mwisho.

Kaka yako

3 Novemba

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima. Wa kuulizwa hali nimebaki peke yangu, kwa hiyo salamu zinaishia hapo.

Baba alifariki Septemba, siku ya Jumapili, baada ya chai. Kile kifua kilirudi. Nilikimbia posta nikakupigia simu ofisini. Dada aliyepokea ana adabu sana, akasema umesafiri na mbio, niache ujumbe. Ningempaje mtu nisiyemjua maneno yale, akayaandike kwenye kikaratasi? Nikasema hakuna ujumbe, nikarudi, tukamzika. Najua nimekunyima baba yako. Sijui kama nilikuonea huruma au nilikukomoa. Nadhani yote mawili.

Barua yako ya Julai ilinikuta chuo kimeshafunguliwa. Siku ya kuripoti nilikaa mlangoni na begi miguuni, na kila gari lililopunguza mwendo nilisimama. Baba alikuwa anauliza kutoka ndani, "Amefika?" Nilipoisoma barua nilimwomba jirani akae na baba nikaenda chuoni, nikawaambia maneno yako yale yale, kwamba tarehe ikizungumzwa inasogea. Karani alinionea huruma. Akanipeleka mpaka bwenini nikajionee. Kitandani kwangu palikuwa na msichana anakunja nguo zake, akaniamkia vizuri sana.

Shangazi alikuja kama alivyoahidi, Septemba ilipoingia. Baba hakumaliza naye wiki. Unaelewa ninachokuambia? Kama ungekuja ule mwezi mmoja, mimi leo niko chuoni. Baba angekufa vile vile, lakini angekufa wewe umeshamlisha uji, na mimi ningekuwa na mahali pa kurudi baada ya mazishi.

Umri hausogei. Nilimuuliza mkuu wa chuo mwenyewe. Usije kukesha mlangoni kwake, utanitia aibu bure.

Sikuchukii. Ningekuchukia ingekuwa nafuu, ningekuwa na kazi ya kufanya. Watu wa ule mji nao wana baba zao, nimejiambia hivyo mara nyingi na ni kweli, ila haijanisaidia. Asubuhi mikono inaamka yenyewe kwenda kumgeuza. Nafika chumbani kwake ndipo nakumbuka, basi nakaa pale pale kitandani, kwa sababu hakuna anayeningoja popote.

Hiyo Agosti uliyonichorea nimeamini uliipigania. Wape wenye magari. Mimi sina pa kwenda nayo.

Mdogo wako