Mama Alipokunywa Glasi ya Mkwewe

Dada Lornah, nakuandikia mbio mbio, kwa hivyo usiucheke mwandiko wangu.

Unajua Mama aliapa hatakanyaga kwetu Otonglo mpaka Frankline aache kutengeneza bia. Jana mchana tulikuwa tunaonja ile mpya, ya mtama uliokaushwa kwa moshi, kali kuliko divai. Mume wangu alikuwa amefumba macho akitafuta ladha ya ukwaju, nami namtazama tu, nayeyuka. Mara Mama huyo mlangoni, amechomwa na jua hadi kiu imeshinda kiapo. Alinyakua glasi ya Frankline akidhani ni maji ya ukwaju, akanywa.

Dada, kwetu mkwe hata mezani haketi na mama mkwe, sembuse glasi moja. Frankline aligeukia ukuta kwa heshima.

Mama akaonja tena, polepole.

“Akello, mwambie bwana yako moshi umezidi.”

“Mama, hiyo ni pombe.”

“Kwani nimesema ni chai? Apunguze moshi. Kazi asiache.”

Nililia mbele yao wote wawili. Chupa yako nitakuletea mwenyewe hapo Kombewa kabla mwezi huu haujaisha.

Mdogo wako, Bibi Frankline,
Akello